Kumbukumbu ya mwanamichezo: saini ya mzee, saini ya getini, saini yenye cheti au picha ya simu?

Kila ifikapo Januari, mashindano ya Kombe la Mapinduzi yanapoanza, watoto na vijana hujikusanya kwenye mageti ya viwanja na nje ya hoteli za timu wakiwa na jezi, madaftari na kalamu, wakitaraji kupata saini za wachezaji. Wengi wao huondoka na kitu, ila kitu chenyewe mara nyingi hakisomeki. Huwa ni mstari mmoja uliopinda, au herufi ya kwanza ya jina iliyovutwa mkia mrefu, na pengine namba ya jezi pembeni. Mwaka ukipita, jezi hiyo ikitandazwa mezani ikiwa na saini za kikosi kizima, mwenyewe hana tena uhakika ni nani aliyeandika wapi.

Kilio hiki si cha Zanzibar peke yake. Nchini Marekani, ambako saini za wanamichezo hununuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, wakusanyaji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mpira wa besiboli uliotiwa saini na Babe Ruth, nyota wa zamani wa mchezo huo, unasomwa na yeyote aliyepita darasani, ilhali mpira uliotiwa saini msimu huu unahitaji mtu wa kukueleza ni wa nani. Mimi ni miongoni mwa wanaosikitishwa na jambo hili, kwa sababu naamini kwamba mchezaji anapoliandika jina lake likasomeka huwa amempa shabiki kitu kilichokamilika. Hata hivyo, masikitiko hayamsaidii mtu anayetaka kuamua afanye nini na kalamu yake na fedha yake. Kwa msomaji wa Unguja au Pemba anayetaka kumbukumbu ya mwanamichezo, njia zilizopo ni nne: kumwendea mchezaji wa zamani, kusubiri getini, kununua saini yenye cheti kutoka nje, au kuiacha saini na kupiga picha kwa simu.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni kusomeka: je, mtu ambaye hakuwapo siku hiyo ataweza kujua kumbukumbu hii ni ya nani bila ya kuelezwa? Cha pili ni uhakika, yaani unajuaje kwamba mkono ulioandika ni wa mchezaji mwenyewe. Cha tatu ni gharama na upatikanaji kwa mtu anayeishi visiwani. Cha nne ni uimara, kwa sababu hewa yetu ya chumvi, mvua za masika na mende wa makabatini havina huruma na karatasi wala wino. Cha tano ni thamani ya baadaye, na hapa lazima tutenganishe thamani ya kifamilia na thamani ya sokoni, kwani mara nyingi kinachoongeza moja hupunguza nyingine.

Saini ya mchezaji wa zamani

Hapa nakusudia saini ya mtu aliyecheza zamani na bado yuko nasi, ambaye unaweza kumwendea nyumbani au kumkuta barazani, pamoja na saini alizokwisha kuzitia kwenye picha, kadi za uanachama au barua zilizobaki mikononi mwa jamaa.

Kusomeka. Kwa kigezo hiki njia hii ina nguvu kubwa. Kizazi kilichosoma kabla ya simu na kompyuta kilifundishwa mwandiko, na mwalimu alisahihisha umbo la herufi kama alivyosahihisha hesabu. Wengi walikuwa wamepitia chuo cha Kurani, ambako waliandika herufi za Kiarabu kwenye ubao, na mkono uliozoea kazi hiyo hauandiki ovyo. Wapo wazee ambao mpaka leo hutia saini kwa herufi za Kiarabu. Mzee wako akiwa mmoja wao, mwombe kwa heshima aandike jina lake kwa herufi za aina zote mbili, ili wajukuu wasiojua kusoma moja wasome nyingine.

Nje ya visiwa vyetu, mfano unaotajwa sana ni wa Harmon Killebrew, mpigaji wa besiboli wa timu ya Minnesota Twins aliyefariki mwaka 2011. Aliandika kila herufi ya jina lake, na alipowaona wachezaji vijana wa timu hiyo, akiwemo Torii Hunter na Michael Cuddyer, wakipitisha kalamu ovyo, aliwasisitiza waandike jina lisomeke, nao wakajirekebisha. Katika gofu, Arnold Palmer, aliyefariki mwaka 2016, alijulikana kwa msimamo huo huo. Mifano hii inanipa moyo kwa sababu inaonyesha kwamba mwandiko wa mchezaji unaweza kutengenezwa hata akiwa mtu mzima, ikiwa mkubwa wake anayemheshimu atamwambia.

Lakini umri na maradhi navyo vina haki yao. Bondia Muhammad Ali, ambaye alifika Dar es Salaam mwezi wa Februari 1980 akiwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kushawishi nchi za Afrika zigomee Olimpiki ya Moscow, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na kadiri miaka ilivyopita saini yake iliyokuwa pana ilizidi kuwa ndogo na ya kubanana. Mwandiko kusinyaa ni dalili inayojulikana ya ugonjwa huo. Si haki kuiweka saini ya namna hiyo katika fungu moja na mstari wa kijana mwenye haraka.

Uhakika. Ukimwona mzee akiandika mbele yako, hakuna shaka inayobaki. Kwa karatasi za zamani inabidi uulize zimepitia mikono ya nani, na uchunguze kama saini imeandikwa au imechapwa, kwa sababu picha nyingi za timu zilitolewa zikiwa na saini zilizochapwa pamoja na picha yenyewe. Tazama kwa kioo cha kukuzia: kalamu huacha kibonyeo kwenye karatasi, na pale mstari mmoja unapoukata mwingine wino huonekana mzito zaidi, lakini chapa huonyesha vitone vidogo vidogo vilivyo sawa, wala haina kibonyeo chochote.

Gharama na upatikanaji. Utatoa nauli ya daladala, au ya boti ikiwa wewe uko Unguja na mzee yuko Pemba, pamoja na muda wa mazungumzo, ambao kwa kweli ndio faida yenyewe. Usiende na jezi kumi. Pitia kwa jamaa yake kwanza, upange miadi mapema, na uende na kitu kimoja au viwili.

Uimara. Karatasi ya zamani tayari imeshachoka, hasa ya gazeti, ambayo hugeuka rangi ya njano na kukatika kwenye mikunjo. Saini mpya ya mzee itadumu kadiri ya karatasi na kalamu utakayompelekea wewe, kwa hiyo uamuzi uko mikononi mwako.

Thamani ya baadaye. Kwa familia na kwa historia ya michezo ya Zanzibar, sioni njia inayoishinda hii. Wachezaji wa timu ya Zanzibar iliyotwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995 wanahesabika, na saini zao zikikusanywa pamoja na masimulizi yao huwa ni nyaraka. Sokoni, hata hivyo, saini hizi hazina mnunuzi wa kimataifa, na anayezitafuta kwa biashara atavunjika moyo.

Inamfaa mtu mwenye subira, anayependa historia ya hapa nyumbani na ambaye hana nia ya kuuza.

Saini ya getini

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayobeba lawama zote za miandiko mibaya, kwa hiyo nitaizungumza kwa urefu zaidi.

Kusomeka. Ni dhaifu, na sababu zake ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni mazingira. Mchezaji huteremka kwenye basi akiwa na begi begani na simu mkononi, na kati ya mlango wa basi na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo hana hatua nyingi. Katika hatua hizo watu kumi wanamnyooshea vitu. Kitambaa kinaning'inia hewani, hakina kitu cha kukishikilia kwa chini, na ncha ya kalamu huzama na kukwama kwenye nyuzi. Hata mwenye mwandiko mzuri hawezi kuandika jina la herufi kumi na tano katika hali hiyo.

Sababu ya pili ni shule. Nchini Marekani viwango vya pamoja vya masomo vilivyotolewa mwaka 2010 havikuwataka watoto wajifunze mwandiko wa kuunganisha herufi, na Finland iliuondoa katika ulazima mwaka 2016. Wapo wanaorudi nyuma: jimbo la California lilipitisha sheria mwezi wa Oktoba 2023 ya kuurudisha katika shule za msingi. Kwetu mambo hayakuandikwa katika sheria, ila kila mzazi anaona kwamba kijana anayeandika ujumbe kwa kidole gumba siku nzima hushika kalamu kwa mtihani na kwa fomu tu, na kijana huyo huyo ndiye anayesajiliwa na klabu akatakiwa awe na saini.

Ya tatu ni wingi. Wachezaji wakubwa wa nje hufungwa na mikataba ya kampuni za kadi za picha za wachezaji, wakaletewa mabunda ya vibandiko vya plastiki wavitie saini kwa maelfu, kisha vibandiko hivyo hubandikwa kwenye kadi zinazouzwa. Mkono ukishafanya kazi hiyo kwa saa kadhaa, jina hujifupisha lenyewe, na ufupisho huo huhamia kwenye kila kitu anachokisaini baadaye. Vijana wetu huona saini hizo kwenye mitandao, wakaiga mkato huo wakidhani ndiyo alama ya ukubwa.

Ya nne inawahusu mashabiki wenyewe. Mchezaji akimwona mtu mmoja akiwa na jezi tano mpya zisizovaliwa, anajua kwamba zinakwenda kuuzwa, na hana sababu ya kumpa mwandiko mzuri.

Nimezitaja sababu hizi kwa kirefu kwa kuwa nyingi zinatibika hapo hapo getini. Beba kipande cha boksi kigumu ukiweke chini ya kitambaa, na mwombe mwenzako aivute jezi pande mbili iwe kama meza. Chagua sehemu nyepesi ya jezi, kwani wino mweusi juu ya rangi nyeusi au buluu iliyokoza haufai kitu. Fungua kalamu mapema. Kisha mwambie kwa adabu: "Kaka, naomba uandike jina lako lisomeke, na uniandikie na tarehe." Wengi wakisikia ombi lenye heshima hupunguza mwendo, hasa baada ya mechi waliyoshinda. Ikiwa kitu ni cha mtoto, mtaje mtoto kwa jina lake ili mchezaji aliandike. Bei ya sokoni itashuka, kwa sababu wanunuzi hawapendi kitu chenye jina la mtu mwingine, lakini mchezaji atatulia kwani ameshajua kwamba hakiuzwi.

Uhakika. Hapa getini inashinda njia nyingi, kwa kuwa shahidi ni wewe mwenyewe. Tatizo ni kwamba ushahidi huo unakaa kichwani mwako tu, na saini isiyosomeka bila ya shahidi ni mchoro. Usiku huo huo, kabla ya kulala, andika kwenye kaunta buku jina la kila mchezaji, timu yake, mechi, uwanja na tarehe. Kwa jezi yenye saini nyingi, chora umbo la jezi ukurasa mzima, uweke namba mahali penye kila saini, na chini yake uandike majina. Kazi hii haichukui nusu saa, nayo ndiyo itakayoamua kama jezi yako itakuwa na maana kwa mtu mwingine au la. Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa wachezaji wa kigeni: Agosti 2025, uwanja wa Amaan ulipopokea mechi za Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo-Brazzaville katika michuano ya CHAN, aliyepata saini ya mchezaji asiyemfahamu kwa sura na hakuandika jina lake alirudi na mstari tu.

Gharama na upatikanaji. Ni miongoni mwa njia rahisi. Tiketi, kalamu na subira vinatosha, ingawa lazima ufuate maelekezo ya askari na wasimamizi wa uwanja, na usimfuate mchezaji anapokwenda kusali au anapokuwa na familia yake. Wa Pemba walikuwa wakilazimika kuvuka kuja Unguja, lakini Januari 2025 mashindano ya Mapinduzi yalichezwa Gombani, ambako Zanzibar Heroes iliifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali, na nafasi ikawa mlangoni mwao.

Uimara. Jezi za siku hizi ni za poliyesta, na wino wa makapeni ya kawaida husambaa kwenye nyuzi na kupauka ukipigwa na jua. Jezi ifuliwe na ikauke kabla ya kutiwa saini, kwa sababu baada ya hapo haifuliwi tena, na jasho lililobaki ndani yake huleta madoa na ukungu wakati wa masika. Kwenye karatasi, biki hufanya kazi nzuri. Kwenye mpira wa ngozi laini, makapeni huvimba na kufuta kingo za herufi, kwa hiyo biki ni bora hapo pia. Usipeleke karatasi yenye saini kupigwa laminesheni, kama tunavyofanya kwa vyeti vya shule: moto na gundi huiharibu, na ikishafungwa haifunguki. Iweke katika bahasha safi ndani ya boksi kavu, mbali na ukuta wenye unyevu, na uifungue kila baada ya muda uiangalie.

Thamani ya baadaye. Aliyekuwapo Amaan Januari 2024, Mlandege ilipoifunga Simba 1–0 katika fainali ya Mapinduzi, akapata saini za kikosi kile akaziandikia majina, ana kitu ambacho duka lolote la nje haliwezi kumuuzia. Asiyeandika majina ana jezi yenye mistari.

Inamfaa kijana, mzazi mwenye mtoto anayependa mpira, na shabiki yeyote anayethamini kwamba alikuwapo.

Saini yenye cheti

Kusomeka. Hakuna tofauti na getini, na mara nyingine ni mbaya zaidi, kwa vile bidhaa nyingi zinazouzwa zimetiwa saini kwa wingi kwenye kikao kimoja. Lakini cheti kinataja jina la mchezaji, na hilo linaziba pengo.

Uhakika. Hiki ndicho kigezo ambacho watu hununulia, nacho kinahitaji kueleweka vizuri. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha uchunguzi uliopewa jina la Operation Bullpen na kuvunja mtandao mkubwa wa waghushi wa saini. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni mipira ya besiboli iliyodaiwa kutiwa saini na Mother Teresa. Bidhaa nyingi za waghushi hao ziliuzwa zikiwa na vyeti. Cheti, kwa hiyo, kina nguvu sawa na ya aliyekitoa, wala hakizidi hapo.

Vyeti vyenyewe ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hutokana na ushuhuda: ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina mpango ulioanza mwaka 2001, ambapo mtu aliyeidhinishwa hushuhudia saini ikitiwa, kisha kitu hubandikwa stika maalumu yenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya ligi. Aina ya pili hutokana na maoni ya wataalamu wanaolinganisha saini na mifano wanayoijua, kama wanavyofanya kampuni ya Marekani ya PSA/DNA, walioanza kazi hiyo mwaka 1998, na wengineo. Maoni ya mtaalamu ni maoni, hata yakiwa mazuri. Na hapa mwandiko ulioporomoka unaleta hasara ambayo watu wengi hawaifikirii: saini ya herufi kumi na tano ina mambo mengi ya kulinganisha, kama vile mwinamo, nafasi, mahali kalamu ilipoinuliwa na namna herufi zilivyofungana, ilhali saini ya mstari mmoja ina machache mno, kwa hiyo kuighushi ni rahisi na kuithibitisha ni vigumu.

Gharama na upatikanaji. Ni njia ghali kwa mtu wa visiwani. Utalipa bei ya kitu, usafirishaji, na pengine ushuru wa forodha, na kikifika kimevunjika au kikawa si chenyewe, kukirudisha ni kazi. Usinunue kwa muuzaji anayekuonyesha picha ya cheti bila ya kukupa namba ya kuhakiki. Namba ikipatikana, hakiki kabla ya kulipa, na ulinganishe picha iliyopo kwenye tovuti na kitu unachouziwa, kwani stika nazo huigizwa.

Uimara. Ni mzuri kwa ujumla. Kadi huja ndani ya kasha gumu la plastiki na fremu huja na kioo. Lililobaki ni kutozitundika mahali jua linapopiga.

Thamani ya baadaye. Ikiwa siku moja utataka kuuza nje, njia hii tu ndiyo itakayokupa msikilizaji. Ndani ya familia ina upungufu wake, kwa sababu hakuna kisa cha kusimulia isipokuwa kisa cha kununua.

Inamfaa mtu mwenye uwezo, anayempenda mchezaji ambaye hatarajii kumwona ana kwa ana, au anayeweka akiba kwa kununua vitu vya thamani huku akijua hatari zake.

Picha ya simu

Kusomeka. Sura inasomeka kuliko saini yoyote, angalau kwa miaka ya karibuni. Baada ya miaka thelathini mtazamaji ataona vijana wawili wanaotabasamu, asijue yupi ni mchezaji wala wa timu gani, ikiwa hakuna aliyeandika jina.

Uhakika. Faili la picha huhifadhi tarehe na saa, na mahali pia ikiwa umeruhusu. Taarifa hizo hupotea ukiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, ambayo pia huipunguza ubora, kwa hiyo asili ibaki kwako.

Gharama na upatikanaji. Hakuna gharama ya ziada, na mchezaji hahitaji kutua begi lake. Ndiyo maana wachezaji wengi sasa wanaipendelea kuliko kushika kalamu.

Uimara. Simu huibiwa, huanguka majini pale bandarini, na hubadilishwa. Picha isiyochapishwa kwenye karatasi wala kuhifadhiwa mahali pengine haina umri mrefu.

Thamani ya baadaye. Sokoni haina. Kwa familia inayo, ikichapishwa na kuandikwa nyuma kwa penseli majina, tarehe na uwanja.

Inamfaa mwenye dakika moja tu, na yule ambaye jambo kubwa kwake ni kukutana na mchezaji.

Uamue vipi kwa hali yako

Ikiwa una mtoto wa miaka minane au kumi anayekwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, mpe kaunta buku na biki badala ya jezi. Ukurasa ni mgumu, mchezaji anaweza kuuegemeza mkono, na mtoto ataandika mwenyewe jina la mchezaji chini ya saini. Hapo atakuwa amefanya zoezi la mwandiko bila ya kulazimishwa. Piga picha wakati saini inatiwa, ili vitu viwili vithibitishane.

Ikiwa unataka zawadi ya kumpa mtu anayeshabikia timu ya Uingereza au Hispania, saini yenye cheti inayohakikika ina maana kuliko saini ya bei rahisi isiyo na asili. Fedha ikiwa haitoshi, nunua jezi halisi isiyo na saini kuliko kununua saini yenye shaka.

Ikiwa unakusanya kwa ajili ya klabu, skuli au maktaba ya mtaa, changanya njia mbili za mwanzo: saini za kikosi cha leo zenye ramani ya majina, na saini za waliowatangulia. Weka orodha moja inayofanana kwa vitu vyote, na iwe na nakala kwa mtu wa pili.

Ikiwa wewe ni kocha wa vijana, una nafasi aliyokuwa nayo Killebrew. Watake wachezaji wako waandike majina yao kamili kwenye fomu za usajili na kwenye jezi za kuagana, na waeleze kwamba saini ya kumpa shabiki isiwe ile ile ya benki, kwa usalama wao. Saini ya shabiki haina haja ya kuwa siri, kwa hiyo hakuna sababu ya kuificha nyuma ya mstari.

Na ikiwa una babu au jirani aliyewahi kuvaa jezi ya klabu ya hapa au ya Zanzibar, anza naye kabla ya kufikiria geti lolote. Nenda asubuhi, wakati mkono haujachoka, umkute amekaa mezani. Mpe biki na si makapeni, kwa sababu makapeni humlazimisha kuandika kwa haraka kabla wino haujasambaa, na biki humruhusu kwenda pole pole. Usimshike mkono wala usimharakishe. Mkono ukitetemeka, iache saini ilivyo. Mwombe aandike chini yake timu alizochezea na miaka, naye akichoka kuandika, andika wewe anayoyasema, kisha umsomee ahakikishe.